Makombo ya mama lishe na kuku wanaonenepa bila kutaga

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama lishe, naishi Makorora, Tanga. Nina mitetea 20 na majogoo 2, kienyeji wamechanganyika na chotara, wanazunguka uani. Tangu nianze biashara ya chakula sinunui tena chakula cha kuku. Wanakula wali uliobaki, ukoko, ugali, machicha ya nazi, maganda ya muhogo na vichwa vya samaki. Wamenenepa kweli, lakini mayai yamepungua, na maganda yake ni laini, mengine yanavunjikia kiotani. Halafu mdogo wangu aliyeko Uingereza ananiambia huko kuwapa kuku makombo ni kosa kisheria. Je, niache?

JIBU: Marahaba, mama. Usiache. Makombo yako ni mali, ila yamekuwa mlo mzima wakati yalipaswa kuwa nyongeza.

Kuku kunenepa huku mayai yanapungua kunatueleza karibu kila kitu. Wali, ukoko na ugali ni wanga. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na ganda lake linataka takriban gramu 2 za kalsiamu. Gramu 100 za wali uliopikwa hazifikishi gramu 3 za protini, na kalsiamu ndani yake ni kama haipo. Kuku akishashiba wali hahangaiki kutafuta kingine. Wanga uliozidi unageuka mafuta tumboni na kwenye ini, na mtetea mwenye ini lililojaa mafuta anaweza kufa ghafla, jana ulimwona mzima. Kalsiamu ya ganda anaichukua kwenye mifupa yake mwenyewe, na huko nako ikipungua ndipo unapookota mayai laini.

Kwa hiyo geuza ratiba. Asubuhi wakiwa na njaa wape chakula chenyewe. Mtetea anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo kundi lako lote halizidi sana kilo 2 na nusu, na kwa kuwa wanaokota uani huenda wakamaliza pungufu ya hapo. Kama chakula cha kuku wa mayai cha dukani ni ghali, changanya pumba za mahindi kilo 7, mashudu ya alizeti kilo 2 na dagaa wakavu waliosagwa kilo 1. Kwa kuku wanaotembea na kudonoa majani, huo ni mlo wa kuheshimika. Makombo yaje alasiri, konzi moja kwa kuku wawili, kiasi cha kumalizwa palepale. Yakibaki, yaondoe.

Kalsiamu msihangaike kuinunua, nyinyi watu wa pwani. Okota maganda ya chaza na kome, yaoshe kwa maji baridi yatoke chumvi, yaanike, kisha yaponde vipande vidogo. Yaweke kwenye chombo chake, usiyachanganye na chakula: mtetea anayetaga atajichukulia anachohitaji, jogoo atayapita. Maganda ya mayai nayo yanafaa, ila yakaushe na uyasage yasifanane tena na yai, wasije wakajifunza kula ya kwao.

Sasa tuangalie ndoo yako. Kitu cha thamani kuliko vyote humo ni vichwa vya samaki. Vichemshe bila chumvi, vikaushe juani, vitwange, na uvitumie pamoja na dagaa au badala yao. Usizidishe, maana mayai yatanuka shombo. Vilivyooza tupa mbali: kwenye samaki au mzoga uliooza hujengeka sumu inayolegeza shingo ya kuku mpaka hawezi kuinua kichwa. Ng'onda (samaki waliokaushwa kwa chumvi) na papa mkavu usiwape kabisa. Chumvi huumiza kuku upesi, na mchuzi uliokolea wa wateja wako ni chumvi ile ile. Ukiona wanakunywa maji kupita kiasi na kinyesi kinakuwa majimaji, anza kushuku hapo.

Machicha wape ya siku hiyo hiyo, kidogo. Yana nyuzi nyingi na mafuta yanayochacha haraka kwa joto la Tanga. Maganda ya muhogo ndiyo yanayonitia hofu zaidi, kwa sababu sumu ya muhogo, sayanidi, imejaa zaidi kwenye ganda kuliko kwenye nyama yake. Usiwape mabichi. Yakatekate, yaanike juani siku kadhaa hadi yavunjike mkononi, ndipo uyasage na kuchanganya kidogo kwenye pumba. Maharage yasiyoiva vizuri, viazi vyenye rangi ya kijani, na ganda na kokwa la parachichi viende kwenye shimo la taka.

Masika yakifika, chunga ukungu. Mkate, pumba au wali wenye madoa ya kijani au meusi usiwape hata kama unaona hasara. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha wala kuanika, na inashambulia ini lile lile ambalo kwa kuku wako tayari limeelemewa.

Mdogo wako amesema kweli. Uingereza ilipiga marufuku kulisha mifugo mabaki ya jikoni baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001, na katazo hilo linawagusa hata wenye kuku wachache nyumbani. Sheria hiyo ni ya kwao, lakini sababu yake ipo hata uani kwako: nyama mbichi hubeba magonjwa. Kwa kuku wako, la kuogopa ni kideri (ugonjwa wa Newcastle). Ukinunua kuku sokoni kwa ajili ya biashara, utumbo, manyoya na maji uliyomsafishia visifike kabisa bandani. Fukia. Na kundi lote lipate chanjo ya kideri ya tone la jicho kila baada ya miezi 3, likiwa zima, kabla hujasikia vifo kwa jirani.

Mabadiliko fanya polepole, kwa wiki moja hivi, chakula kikipanda na wali ukishuka. Ganda huanza kukaza mapema, idadi ya mayai huchelewa zaidi kwa sababu mafuta hayayeyuki kwa siku mbili. Ukiatamisha, vifaranga usiwaonjeshe makombo mpaka watimize wiki 8; hao wanataka chakula cha vifaranga na maji safi tu.