Choya yangu imejaa majani ila haitoi maua

SWALI: Habari bwana shamba, nipo Nzuguni, Dodoma. Desemba nilipanda choya, ile ya juisi nyekundu, uani karibu na geti, imenipita urefu, majani mazito ila mpaka sasa Mei hamna ua hata moja. Nimekuzia na urea, dukani wakanipa busta ya kuleta maua, nimepiga mara mbili kimya. Niongeze dozi? Hapo getini taa inawaka usiku kucha.

JIBU: Mama usiongeze chochote, hiyo choya haina njaa, imeshiba kupita kiasi. Hili swali naulizwa kila msimu na kila mtu anakuja na kichupa chake cha busta mkononi, inanichosha kwa kweli, maana hakuna dawa ya kuita maua. Urea ni 46% naitrojeni na kazi ya naitrojeni ni majani, na busta nyingine ukigeuza lebo unakuta naitrojeni ndo nyingi, kwahiyo umekuwa ukiiambia iote majani halafu unalalamika imeota majani.

Choya inachanua usiku ukiwa mrefu. Kwetu usiku unaanza kurefuka baada ya Krismasi mpaka Juni, ndo maana tunapanda na mvua za Desemba, inakua kwanza halafu inabeba. Sasa taa yako inalikata lile giza. Kaangalie matawi ya nyuma yasiyopigwa na mwanga, ukikuta vitumba vidogo vya kijani kwenye kikwapa cha jani na upande wa taa hamna, basi jibu umelipata. Zima taa au igeuzie barabarani, urea acha kabisa, maji mwagia kidogo tu udongo ukikauka. Ua lenyewe linakaa siku moja linanyauka, usishtuke, kile kikombe chekundu kinachobaki ndo mavuno, kinanenepa wiki mbili tatu hivi.

Ila hizi busta jamani! Kuna wauzaji wanamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina tarehe, wengine wanachanganya na dawa ya wadudu humohumo, mtu anapulizia leo kesho anachuma anachemshia watoto juisi. Mbolea halali ina usajili wa TFRA, mamlaka ya mbolea Tanzania, na lebo inayosema kuna nini ndani na kiasi gani, muuzaji akishindwa kukuonyesha usinunue, na kama zako hazikuwa na lebo basi vile vikombe vya kwanza vitakavyotoka usivichemshie mtu.