Maji yakichemka, kinachoachana ni nini?

Mvuke wa maji yanayochemka ndiyo haidrojeni na oksijeni zimeachana?

Hapana, na hili huwatatiza hata waliomaliza kidato cha nne. Mvuke ni maji yaleyale. Funua sufuria uone mfuniko unavyochuruzika matone. Ndani ya molekuli, yaani chembe moja ya maji, oksijeni imezishika haidrojeni zake mbili kwa nguvu ambayo jiko la mkaa haliwezi kuitikisa. Kinachokatika ni mvutano kati ya molekuli na jirani yake, ambao ni dhaifu zaidi kwa mbali. Hata hivyo, kwa maji mvutano huo si haba: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, wa haidrojeni chanya kidogo, basi molekuli hunasana. Ilinganishe na sulfidi ya haidrojeni, gesi yenye harufu ya mayai viza. Umbo ni lilelile, uzito karibu mara mbili ya maji, lakini mnaso huo karibu haina. Huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri!

Nikitikisa mtungi wa gesi nasikia kitu kinachezacheza. Nimeuziwa maji?

Hujaibiwa. Ni propani na butani, zimeshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Propani ina kaboni tatu na huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ina nne, huchemka karibu na sifuri. Ukifungua koki, zinatoka gesi. Mafuta ya taa ni ukoo huohuo wenye minyororo ya kaboni mirefu zaidi, na nta ya mshumaa ni mirefu kuliko hiyo. Mnyororo ukirefuka, sehemu za kushikana na jirani huongezeka.

Mbona mafuta yangu ya nazi huganda asubuhi, ya alizeti hayagandi?

Unakaa kwenye baridi, bila shaka. Ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Minyororo yake mingi imenyooka, hupangana kama kuni kwenye mzigo. Ya alizeti ina vipindo. Jaribu kufunga mzigo wa matawi yaliyopinda.

Chumvi nayo huyeyuka kwa moto?

Ndiyo, kwenye nyuzi 801. Haina molekuli, ni ayoni tupu, yaani chembe zenye chaji, kila moja imebanwa na sita za chaji tofauti. Usijaribu kwenye sufuria ya alumini, yenyewe huyeyuka kwenye 660.