Prius ya 2010: "tatizo ni programu tu" lina maana gani

Mkuu, umeuliza kama Prius ya 2010, lile gari la haibridi la Toyota lenye injini ya petroli na mota ya umeme, uliyoiona Dar inafaa kuletwa Kigoma, maana muuzaji amekwambia kiwanda kiliziita zamani zirudi kurekebishwa lakini "tatizo ni programu tu". Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanga, Kigoma, na ninayoendesha ni hiyohiyo. Inafaa, ila hilo neno "tu" usilimeze.

Betri kubwa ya gari hilo ina volti 201.6. Ndani ya inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, kuna sehemu inayoupandisha umeme huo hadi volti 650 ili mota ipate nguvu, na anayeamua upande lini na kwa kiasi gani ni programu. Ile ya mwanzo iliziacha transista, yaani swichi za umeme zilizo ndani ya inveta, zipate joto kupita kiasi pale gari linapovuta kwa nguvu. Zikiharibika, taa zinawaka na gari linajipunguzia nguvu, unajikokota hadi pembeni. Mara chache linazima kabisa barabarani. Februari 2014 Toyota ikayaita magari karibu milioni 1.9 duniani, zaidi ya nusu yakiwa Japani kwenyewe, yaandikwe programu mpya.

Wauzaji wengi hadithi yao inaishia hapo. Oktoba 2018 yakaitwa tena, safari hii milioni 2.4 pamoja na Auris, haibridi nyingine ya Toyota, yaliyotengenezwa kati ya Oktoba 2008 na Novemba 2014. Ilionekana kuna hali ambayo gari haliingii kwenye kule kujikokota, linakata nguvu moja kwa moja. Breki na usukani vinabaki, sawa, lakini uwe unalipita lori njia ya Uvinza halafu nguvu ikate! Kwa hiyo gari lililorekebishwa 2014 bado lilitakiwa kurudi. Muulize muuzaji lilishuka bandarini mwaka gani. Akisema 2016, marekebisho ya pili hayakufanyika Japani, hakuna ubishi.

Na huku kwetu si tambarare. Panda Manyovu na abiria wanne na gunia la maharage nyuma, hapo ndipo hizo transista zinapotoka jasho.

Kabla hujatuma hata senti, omba namba ya chesisi. Itaanza na ZVW30 kisha tarakimu. Usihangaike na tovuti za Marekani, zinataka namba yenye herufi na tarakimu 17 na zitaikataa hii. Ingia tovuti ya Toyota ya Japani, iko kwa Kijapani lakini simu itakutafsiria. Halafu fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo karibu na pale kitasa kinaponasa: kwa marekebisho ya miaka ile mafundi wa Japani walibandika kistika kidogo chenye namba. Ukikuta kimoja, usishangilie, ulizia cha pili.

Jambo linaloniudhi ni kufuta taa za onyo bila kutengeneza. Vile vidude vya blututhi vinasoma kodi ya hitilafu na kuifuta, haviandiki programu. Nimeletewa haibridi ambayo mwenzangu mmoja alikuwa kila mara anafuta P0A94 na kumwambia mteja gari limepona. Hiyo kodi inazungumzia hiyohiyo sehemu ya kupandisha volti. Transista ikishaungua, programu mpya haiifufui, hapo unazungumzia inveta nyingine, na bei yake unaijua.

Yangu ilikuwa na deni la marekebisho, yaani programu mpya ilikuwa haijaandikwa. Karakana ya kwanza Dar ilinijibu kwamba gari hawakuuza wao, haliwahusu. Ya pili walikuwa na kompyuta yenye programu za kiwanda, wakakubali kwa malipo. Ukifika hapo hakikisha betri ndogo ya volti 12 ni nzima au imeunganishwa chaja, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuandika, kisanduku cha kompyuta kinaweza kufa palepale.

Sasa bei. Kama deni la programu lipo, mwambie muuzaji apunguze, au alipeleke mwenyewe likaandikwe kabla hujalipa. Ikiwa mfuko unaruhusu, tafuta iliyotengenezwa 2015, umbo ni lilelile na iko nje ya kundi la 2018, ila nayo angalia namba ya chesisi, maana Juni 2020 Toyota iliita na baadhi ya Prius za hadi 2015. Akisitasita kukupa namba ya chesisi, achana naye, Prius Dar ziko nyingi. Akikupa, nitumie inboksi nikuangalizie usiku huu.