Daktari Akitazama Skrini, Wewe Tazama Jicho

Kila muuguzi mgeni anayeletwa thieta yetu ya masikio, pua na koo huuliza swali lile lile: "Sista, mbona hakuna kidonda?" Ni kweli hakuna. Mgonjwa aliyesumbuliwa na sainasi miaka na miaka anafanyiwa upasuaji na kutoka bila mshono hata mmoja usoni. Kamera nyembamba ya milimita 4 inapitia tundu la pua, kazi yote mnaiona kwenye skrini. Ndiyo maana wageni huidharau. Hata mimi niliidharau.

Elewa kwanza kinachofanywa. Hapa Nairobi, hasa baridi ya Julai ikishika, utasikia mtu akisema anaenda "kuoshwa sainasi". Sivyo. Ndani ya sainasi, vile vyumba vya hewa katika mifupa ya uso, kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na kazi yavyo ni kusukuma ute kuelekea tundu lake la asili. Ukitoboa tundu jingine, ute unalipita na kuendelea na njia yake ya zamani. Daktari Messerklinger alilifuatilia jambo hilo kule Graz, Austria, na upasuaji ukabadilika: badala ya kuingilia juu ya ufizi na kukwangua kila kitu, daktari anafungua ule mlango uliozibwa. Kwa hiyo usishangae akikata kidogo. Anayekata kidogo ndiye anayejua.

Picha za siti skani ziwe mbele yake kabla mgonjwa hajalazwa mezani, na jina lililo juu yake ulisome wewe mwenyewe. Pua hazifanani, kuna watu ambao mfupa wa chini ya ubongo umeshuka zaidi upande mmoja. Kichwa kiinuliwe kidogo ili damu ipungue. Lenzi izamishwe kwenye maji ya vuguvugu isije ikashika ukungu. Hayo utayazoea kwa wiki moja.

Ambalo halizoeleki ni adrenalini, dawa ya kubana mishipa ya damu ili pua isivuje sana. Ile ya kulowesha vipamba vinavyowekwa puani ni kali, 1 kwa 1,000. Ile ya kudunga, iliyochanganywa na lignokeni, dawa ya ganzi, mara nyingi ni 1 kwa 100,000. Tofauti yake ni mara mia, na zote mbili ni nyeupe kama maji. Mwaka wangu wa kwanza, katika hospitali ambayo siitaji, niliivuta ile kali kwa sirinji nipate kuimimina bakulini, halafu nikaitwa kando. Niliporudi kulikuwa na sirinji mbili zimelala pamoja, hakuna hata moja yenye karatasi ya jina. Daktari akanyoosha mkono bila kugeuka. Sista mkuu akaniuliza polepole, "Hiyo ni gani?" Sikuwa na jibu. Tulimwaga zote tukaanza upya, na sijasahau jinsi daktari wa usingizi alivyonitazama. Ile kali ikidungwa, shinikizo la damu hupaa ghafla na moyo unaweza kusimama. Tangu siku ile, adrenalini ya vipamba haiingii kwenye sirinji yangu kamwe: inatoka kwenye chupa hadi bakulini, na bakuli lina jina.

Sasa jicho. Usilifunike kwa shuka, hata kama mgonjwa anaonekana nadhifu zaidi hivyo. Kati ya pua na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, na daktari aliyekodolea skrini hauoni uso. Wewe unauona. Jicho likianza kutokeza, au kope ikivimba na kuwa ya samawati, sema hapo hapo, tena kwa sauti. Damu ikijaa nyuma ya jicho, mshipa wa kuona unabanwa, na dakika zinahesabika. Usiogope kuonekana mjuaji.

Kuna wakati daktari atakuambia ubonyeze jicho taratibu juu ya kope huku yeye akitazama ndani ya pua. Kikitikisika kitu kwenye skrini, ule mfupa umetoboka. Na kipande chenye rangi ya manjano kikitolewa, kitumbukize kwenye maji: kinyama cha pua huzama, mafuta ya jicho huelea. Nimewahi kuona kimoja kikielea. Thieta nzima ilinyamaza.

Vipamba vyenye uzi hesabu vikiingia, hesabu vikitoka.

Siku ya kurudi nyumbani wengi wetu tunamsomea mgonjwa masharti mbio mbio kama makanga anayetaja vituo. Kaa naye. Asipenge kamasi. Akipiga chafya, afungue mdomo. Asiinue mtungi wa maji wala kuinama kupiga deki mpaka daktari amruhusu. Pua aisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, si ya mfereji moja kwa moja. Na kliniki asikose, maana magamba yanayoganda ndani lazima yatolewe, la sivyo ule mlango unaziba tena.

Mwambie pia kwamba kamasi yenye damu kidogo siku za mwanzo si ajabu. Lakini akipiga simu aseme, "Sista, nina mafua ya maji matupu," usimwambie anywe chai ya tangawizi. Muulize: yanatoka tundu moja tu la pua? Ukiinama, yanadondoka kama mfereji? Ukiyaonja yana chumvi? Huenda yakawa maji ya ubongo. Akisema ndiyo, aje leo leo, hata kama ni kutoka Kitengela saa ya foleni.