Natafuta wa kubadilishana kituo: jibu langu kuhusu mshahara wa mwalimu

Mwenye uzi ameuliza hivi: mdogo wake amepangiwa ajira ya ualimu wa shule ya msingi mkoani Kigoma, je, mshahara wa mwalimu wa serikali ni wa haki, au walimu tumezoea kulalamika? Waliotangulia kujibu wamegawanyika. Mmoja kasema mwalimu anapokea kwa mwezi fedha ambayo mkulima wa muhogo haioni msimu mzima. Mwingine kasema tunatoka kazini saa nane na tuna likizo ndefu mara mbili kwa mwaka, basi tudai nini tena.

Mimi ni mwalimu wa kike, mzaliwa wa Kibondo. Nimefundisha mkoa huu tangu 2015: miaka sita mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mkoa, kwenye milima ya Mahale, na tangu 2021 niko Kasulu mjini. Nimepokea mshahara wa serikali ileile katika sehemu hizo mbili, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu.

Nianze na tarakimu, maana ndizo zinazobishaniwa. Niliajiriwa kwa cheti cha Daraja la IIIA, ngazi ya TGTS B (TGTS ndiyo ngazi za mishahara ya walimu wa serikali). Kuanzia Julai 2015 mshahara wa kuanzia wa ngazi hiyo ulikuwa shilingi 419,000 kwa mwezi. Hapo inatoka asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 2 ya chama cha walimu, halafu kodi. Mkononi inabaki karibu 350,000. Mwenzangu mwenye shahada aliyeajiriwa 2021 kwa TGTS D alisomeka 716,000. Makato yake ni hayohayo, ila yeye ana asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu inayotoka kwenye mshahara wa msingi. Alikuwa anabaki na karibu 485,000. Kwa hiyo anayetaja daraja la mwalimu kisha akaanza kupiga hesabu za maisha, kwanza aulize salary slip inasema nini chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho.

Tena kuna miaka ambayo mstari huo haukusogea. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi ulianza, madaraja yakasimama na nyongeza ya kila mwaka ikasimama pia. Mimi niliyetegemea kupanda baada ya miaka mitatu nilipanda 2021. Nyongeza ya mwaka ilitangazwa kurejeshwa Mei Mosi 2023 kule Morogoro. Wengine wenye utumishi mrefu kuliko wangu walisubiri mserereko ndipo wakawekwa kwenye daraja walilostahili miaka mingi nyuma, na fedha ya miaka ile iliyopita hawakuipata. Mkisikia nyongeza ya asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi 2025, mjue hiyo ni ya kima cha chini cha utumishi wa umma, kilichopanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Si kwamba kila mwalimu aliongezewa theluthi ya mshahara wake. Mwaka 2022 ilipotangazwa asilimia 23.3 watu walikosea vilevile, na mitaani tukawa tunaombwa hela ambazo hatukuzipata.

Lakini hata hizo tarakimu si jibu langu. Jibu langu liko kwenye kituo.

Mei 2015 nilipanda boti ya mbao Kigoma mjini jioni, nikiwa na begi, godoro na jiko la mafuta ya taa. Tulitembea usiku kucha, tukashuka kesho yake asubuhi. Shule ilikuwa na walimu wanne, mimi nikawa wa tano. Nilikabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 146, wakati kiwango tulichofundishwa chuoni ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Wengi wao waliongea Kiha, Kitongwe au Kibembe nyumbani, Kiswahili walikuwa wanakikuta kwangu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu. Mimi nilipanga chumba kwa mama mmoja mkaanga dagaa, Mungu amlinde, aliyekataa kodi miezi miwili ya mwanzo kwa sababu aliona bado sijapokea chochote.

Sasa mshahara ulipoanza kuingia, uliingia benki, na benki ilikuwa Kigoma mjini. Nauli ya boti nililipa 15,000 kwenda na 15,000 kurudi, gesti siku mbili, chakula, na mara nyingi siku ya tatu kwa kusubiri boti ipate mzigo wa kutosha ndipo iondoke. Sikuwahi kurudi na matumizi chini ya 60,000. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya mshahara wangu wote wa mkononi, imeliwa kwa kwenda kuufuata mshahara. Tulijaribu kwenda kwa zamu, mmoja achukue kadi za wenzake pamoja na namba za siri. Tulijua ni hatari, lakini ndivyo tulivyoishi. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini unapochafua ziwa, hata hilo lilishindikana, na mwalimu akasimama mbele ya darasa akiwa na deni la unga dukani wakati laki tatu zake zimelala benki.

Baadaye mawakala wa kutoa fedha wakafika kijijini, tukashangilia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halimo kwenye waraka wowote wa mishahara: floti ya wakala wetu, yaani fedha aliyokuwa nayo ya kutupa, ilifuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Giza likiwepo, wavuvi wanauza, fedha taslimu inazunguka kijijini, na wakala anaweza kukupa laki moja au mbili. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika ufukweni, na wakala anakwambia, "Madam, nina elfu thelathini tu, nikupe wewe au nimpe na mwenzio?" Mshahara ukiangukia mbalamwezi, tulikuwa tunagawana elfu kumikumi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wenzangu niliowaacha kule walinipigia simu kuniambia kwamba mbalamwezi imekuwa ya miezi mitatu.

Kutoka hapo kwenda kwenye mikopo ni hatua moja, na hili naomba mlisome kwa makini kwa sababu ndilo linalowamaliza walimu wenzangu. Sheria inataka makato yasimguse mtumishi hadi abaki na pungufu ya theluthi moja ya mshahara wake. Benki zinaifuata. Mkopeshaji wa mtaani haifuati, kwa sababu yeye hapiti kwenye salary slip: anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, mwezi ukiisha anatoa chake kwanza, kinachobaki anakutumia kwa simu. Watu wanaita kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Mwalimu mwenzangu, baba wa watoto wanne, alichukua 200,000 kwa ajili ya mke aliyepelekwa hospitali kwa boti ya kukodi usiku. Kadi yake ilikaa kwa mkopeshaji mwaka mmoja na miezi minne. Siku alipoipata aliishika kama mtu aliyepewa mtoto. Boti ile ya usiku isingekuwepo kwenye maisha yake kama angekuwa anafundisha Kasulu, ambako hospitali unafika kwa bodaboda. Daraja lake lingekuwa lilelile, TGTS B.

Hebu sasa nendeni kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu muangalie matangazo ya kubadilishana vituo. Kila siku yapo: niko wilaya fulani, natafuta wa kubadilishana naye, napenda wilaya fulani. Mimi nilitangaza miaka minne. Nilikuwa tayari kwenda popote penye barabara: Kasulu, Kibondo, Nzega, Urambo, hata Singida. Walionijibu waliuliza swali moja tu, "Unafikaje hapo?" Nikisema boti, mazungumzo yanaishia hapo. Katika miaka hiyo minne hakuna mwalimu hata mmoja aliyekubali kuja kituoni kwangu. Mshahara ni uleule, kazi ni ileile, mwajiri ni yuleyule, hata shule unahamia yenye mandhari nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, maji ya ziwa meupe chini ya mlima. Kama malipo ya kituo kile yangekuwa ya haki, angepatikana walau mmoja. Huo ndio ushahidi wangu mkuu, na nauamini kuliko jedwali lolote la mishahara. Walimu wenyewe, wanaojua thamani ya kila shilingi ya mshahara ule, walipima mwambao na mjini wakaona mizani hailingani.

Nilitoka 2021 kwa kumfuata mwenza, mume wangu akiwa Kasulu. Uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi, kwa hiyo godoro na jiko vilirudi kwa gharama zangu. Madai yangu ya nauli za likizo ya huko nyuma niliyajaza fomu mara tatu kwa mwajiri wangu wa wakati ule, na hadi leo sijalipwa.

Kasulu nalipa kodi ya nyumba kubwa zaidi na mboga nanunua, wakati mwambao dagaa nilipewa bure na wazazi wa wanafunzi. Nalisema hili wazi ili nisionekane napamba. Hata hivyo mwezi wa kwanza tu nilibakiwa na fedha, kitu ambacho kwa miaka sita sikukijua. Benki iko umbali wa kutembea, shamba la maharage nimelikodi, na jioni nasoma diploma kwa masafa. Mwambao ningesoma wapi?

Kwa ndugu aliyemtaja mkulima wa muhogo: ni kweli kabisa. Kijijini kwetu mimi nilikuwa miongoni mwa watu wachache wenye fedha ya uhakika, bima na pensheni, na majirani walikuja kwangu kukopa ada na dawa. Mwalimu wa shule binafsi anaweza kulipwa pungufu yangu na kuachishwa kazi muhula ukiisha. Siyabezi hayo. Ila umaskini wa jirani yangu haukunipunguzia nauli ya boti.

Na kwa aliyesema tunatoka saa nane: madaftari 146 hayasahihishwi saa za kazi. Nilisahihisha usiku kwa taa ya sola, nusu leo nusu kesho. Chaki zikiisha nilinunua mimi, kwa sababu ruzuku inayofika shuleni ni 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi, na humo humo kuna mitihani, ukarabati na karatasi.

Ninachodai ni posho ya kituo, iliyowekwa kwenye mshahara kila mwezi, kwa mwalimu aliyeko mahali ambapo benki, hospitali na barabara haviko. Akihama, imfuate aliyempokea pale, yeye aiache. Jambo hili si geni. Chama cha Walimu kilipoitisha mgomo mwishoni mwa Julai 2012, kati ya madai yake ilikuwamo posho ya asilimia 30 ya mshahara kwa walimu wa mazingira magumu. Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikauzuia mgomo, na dai hilo nililikuta halijatekelezwa. Na serikali inajua namna ya kulipa kitu cha aina hiyo: tangu mwaka wa fedha 2015/16 walimu wakuu wa shule za msingi wanapata posho ya madaraka 200,000 kwa mwezi. Mwalimu mkuu wetu ndiye pekee shuleni aliyeweza kwenda Kigoma mjini bila kukopa. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliona kwa macho yangu jinsi posho moja inavyomfanya mtu abaki kituoni. Bado yuko kule.

Kwa mdogo wako, ndugu mwenye uzi: aripoti, ajira asiiache. Lakini kabla hajaondoka apate namba ya mwalimu yeyote wa shule aliyopangiwa, amuulize nyumba ipo au atapanga, boti au gari inaondoka siku zipi, na wakala wa kijijini ana floti ya kiasi gani. Posho ya kujikimu akipewa asiimalize kwa kununua vyombo mjini, aishike taslimu hadi mshahara wa pili. Kadi yake ya benki asimwachie mtu hata akiapiwa. Na kama kituo chenyewe kiko mwambao, aniandikie kwenye inbox nimpe namba ya yule mama mkaanga dagaa.