Omba daftari kabla ya kuchukua fomu

Wadogo zangu mnaoingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huu, najua wapo wanaotaka kugombea nafasi ya mweka hazina kwenye vikundi vya utamaduni. Gombeeni. Ila kabla hujachukua fomu, muombe anayeondoka mkae na daftari la hesabu, ukurasa kwa ukurasa. Mimi sikuomba. Nilichaguliwa Jumamosi, Jumanne mzee mmoja wa Mwenge akanipigia kudai shilingi 85,000 za ngoma tulizokodi muhula uliopita. Deni hilo halikuandikwa popote.

Siku ya kujieleza nilimwaga sera: safari ya Bagamoyo, sare mpya. Makofi nilipigiwa, lakini wanachama walikuwa na dukuduku lingine. Walichanga, na hakuna aliyewaambia hela ilikwenda wapi. Nilipogombea tena nilisimama na karatasi moja, nikasoma matumizi: kanga doti 8 kutoka Kariakoo, maana doti ina vipande viwili na wachezaji walikuwa 16, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kubebea ngoma, mkaa. Dada mmoja akanyoosha mkono, mkaa wa nini? Nikamweleza kwamba ngozi ikinyonya unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, inalegea, ngoma inakosa sauti, kwa hiyo tunaipasha moto kabla ya kupanda jukwaani. Naamini swali lile liliniletea kura kuliko hotuba yangu yote ya mwaka wa kwanza.

Hela ya chama usiichanganye na yako, hata kwa siku moja. Ikiingia kwenye laini unayonunulia chipsi, baada ya siku nne hujui ipi ni ipi, na makato ya kutoa yanazidi kuila. Kama chama hakina akaunti, tengeni laini ya michango peke yake, na mwenzako mmoja awe anaona salio. Muuzaji akikuandikia risiti kwa mkono, aweke tarehe na namba yake ya simu.

Michango kusanya wiki bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, linapoingia; ukichelewa utapewa ahadi tu. Lakini si kila mtu ana mkopo. Asiyelipa mfuate pembeni, mkiwa wawili. Mimi niliwahi kusoma majina ya wadaiwa mazoezini. Kijana mmoja alifungua njuga miguuni taratibu, akaziweka juu ya benchi, akaondoka. Hakurudi tena.