Tuliacha Kwenda, na Hakuna Aliyeuliza

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Umoja. Tangu kifungua mimba wangu awe na miaka minne, kila tarehe 26 Desemba tulikuwa tunakwenda bustani moja ya michezo hapa Nairobi, yenye treni ndogo na magari ya kugongana. Tulikwenda miaka tisa bila kukosa. Mwaka jana tarehe ikafika, ikapita, hatukwenda, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyeuliza. Dada yangu anayeishi Florida ananiambia nao walikuwa na kadi ya mwaka ya kuingilia bustani za michezo za Disney, na wameiacha. Je, ni umri, ni pesa, au ni mahali penyewe palipoharibika? Naona kama kuna mtu nimemkosea.*
*Baba Neema, Umoja*

Marahaba, Baba Neema. Barua yako nimeisoma mara mbili. Wasomaji wengi hawajui kwamba kabla ya kukalia meza hii ya kujibu barua, nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye kidirisha cha tiketi, katika bustani ya michezo ya hapa hapa Nairobi. Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi. Kazi yangu ilikuwa kuchana tiketi kutoka kwenye bunda, kupokea noti, kurudisha chenji na kutazama nyuso. Tundu la dirisha lilikuwa dogo kama la duka la mtaani, lakini kupitia tundu hilo nilizijua familia nyingi kwa sura na kwa idadi ya watoto.

Basi nianze kwa kukutoa hofu: hakuna uliyemkosea.

Umri sidhani. Watoto hukua, ndiyo, lakini wale niliowaona wakikua hawakuacha kuja. Walileta wadogo zao. Kuna kijana niliyemkatia tiketi ya treni akiwa na miaka tisa hivi, na mwaka wangu wa mwisho akaja na mchumba wake, wakapanda magari ya kugongana raundi tatu mfululizo.

Pesa nayo inauma, nani asiyejua? Sikukuu ikifika nauli ya matatu hupanda kabla hujafika stejini, na watu watano kutoka Umoja hadi mjini, kisha kuunganisha gari la pili, ni pesa ya unga wa siku kadhaa. Hata hivyo niliwaona watu wasio na kitu wakija kila mwaka. Fundi viatu mmoja alikuwa anaweka sarafu kwenye mkebe wa Kimbo tangu Agosti. Desemba alikuja na mkebe wenyewe, tukamwaga sarafu kwenye kaunta na kuhesabu pamoja, watu wa nyuma wakingoja. Bei ikipandishwa shilingi kumi alikunja uso, akalipa, na mwaka uliofuata alirudi na mkebe wake.

Wacha nikueleze habari za nyanya mmoja wa Kariobangi, kwa sababu nadhani jibu lako limo humo.

Alikuja likizo zote tatu, Aprili, Agosti na Desemba, akiwa na wajukuu wanne na kiondo. Ndani ya kiondo mlikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu, mkate uliopakwa siagi na kurudishwa kwenye karatasi yake, mayai ya kuchemsha, na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Alinunua tiketi kumi na mbili, tatu kwa kila mjukuu, kisha akaketi kwenye benchi la mbao chini ya mjakaranda, lililotazama reli ya treni. Yeye hakupanda kitu hata siku moja. Treni ikipita, wajukuu walipunga mikono, naye alipunga kikombe. Mimi nilizoea hivi kwamba nikimwona anaingia foleni, nilikuwa nimeshachana zile kumi na mbili kabla hajafungua mdomo.

Mwaka mmoja wakubwa wetu waliamua chakula cha kutoka nje kisiingie. Kibao kikawekwa langoni. Siku hiyo nilimwona kwa mbali akisimama na askari, kiondo kikiwa kimefunguliwa, mayai yakihesabiwa mezani mbele za watu. Chupa ikafungwa kikaratasi cha namba, ikawekwa chini ya meza pamoja na vifurushi vya wengine. Alipofika dirishani, tiketi kumi na mbili zilikuwa tayari mkononi mwangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo nipe nane, mama." Nilizirudisha nne. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba ndani itabidi anunue chipsi na soda za watu watano.

Waliondoka kabla ya saa nane. Langoni alipewa chupa yake, akaitikisa karibu na sikio kusikia kama chai bado imo, akaiweka kwenye kiondo na kwenda. Likizo iliyofuata nilikiona kiondo kama chake kwenye foleni, nikachana tiketi kumi na mbili. Alikuwa mama mwingine. Nyanya yule sikumwona tena.

Sasa fikiria, Baba Neema, hesabu za mwezi ule zilisemaje. Chipsi zilikuwa zimeuzwa zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Lango lilikuwa limejaa. Hakuna ukurasa kwenye daftari la mhasibu wa kuandika mtu ambaye hakuja. Tena waliojaza lango walikuwa wageni ambao hawakujua kwamba chai iliwahi kuruhusiwa, kwa hiyo hawakuona wamenyimwa kitu. Mteja wa zamani ndiye anayekuja na jana yake kichwani, na kila kitu kilichoondolewa anakiona mahali pake pakiwa wazi. Ndiyo maana yeye hutangulia kuondoka, na mwenye mali hushtuka amechelewa. Tena haondoki kwa kelele. Yule anayegonga dirisha akifoka kwamba treni imeharibika, Jumapili ijayo yupo. Aliyeomba nane badala ya kumi na mbili hakulalamika hata kidogo.

Dada yako wa Florida atakuwa anaijua habari hii kwa jina lingine. Kuanzia mwaka 1999 Disney walikuwa na utaratibu ulioitwa FastPass. Uliingiza tiketi yako kwenye mashine karibu na mchezo, ukapewa kikaratasi chenye saa ya kurudi, na saa hiyo ikifika ukapita njia fupi. Haukulipiwa. Aliyelala hoteli ya kifahari na aliyelala kwenye gari lake, wote kikaratasi kilikuwa kilekile. Baadaye ukahamia kwenye simu, na Florida bado haukuwa na malipo. Bustani zilipofungwa kwa sababu ya korona, utaratibu huo haukurudi. Mwishoni mwa 2021 ikaja huduma ya kulipia badala yake, ikianzia dola 15 kwa kila mtu kwa siku kule Florida na dola 20 kule California, na michezo michache inayopendwa zaidi ikatozwa kando. Mwanzoni mwa 2022 likaondolewa na basi la bure lililokuwa likiwatoa wageni uwanja wa ndege wa Orlando hadi hoteli za Disney.

Mtu wa nje angeona ni dola 15 tu juu ya kiingilio ambacho tayari kilikuwa kikubwa. Lakini tazama kilichobadilika asubuhi ya familia ile. Zamani za kikaratasi waliamka, wakanywa chai, wakaenda. Huduma ya kulipia ilipoanza, saa moja asubuhi mama alikuwa ameshika simu kitandani akigombania nafasi, na mchana kutwa alikuwa kwenye simu hiyo hiyo akitafuta nafasi iliyofuata huku mtoto akimvuta mkono. Siku ambayo haikuwa na hesabu ikawa ya hesabu tangu alfajiri. Wenye kadi za mwaka kule California nao, wale wanaofika hata mara mbili kwa wiki kutembea tu na kula aiskrimu, kadi zao zilifutwa Januari 2021, wakarudishiwa pesa. Agosti zikaja kadi nyingine zenye jina jipya, na za kuweka nafasi kwanza kabla ya kuja. Disneyland, bustani yao ya California, ilianza kupokea wageni Julai 1955. Wapo watu waliopelekwa pale na babu zao, na sasa waliambiwa waombe siku.

Nisieleweke kwamba kila badiliko ni kosa. Kulikuwa na mchezo wa maji ulioitwa Splash Mountain, uliofungwa mwaka 2023 huko Florida na California. Ulijengwa juu ya filamu ya mwaka 1946 iliyowachora watu weusi wa Marekani kwa namna ya kuwadhalilisha, na mimi nasema walifanya vyema kuuondoa na kuweka hadithi ya binti wa kifalme mweusi mahali pake. Hata hivyo watu walilia. Kuna waliochota maji ya mtaro wake wakayatia kwenye chupa na kuyatangaza mtandaoni kuyauza. Nawahurumia, maana yale maji ndiyo yaliyowarukia siku walipokuwa na baba zao. Lakini hapo mwenye bustani alikuwa na sababu anayoweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Wakubwa wetu wangemweleza nini yule nyanya kuhusu chai?

Narudi kwako. Kaa usiku mmoja ukumbuke mwaka wa mwisho mliokwenda, kuanzia langoni. Uliombwa kufungua mfuko? Treni ilikuwa inalipiwa kando? Ulinunua tiketi chache kuliko mwaka wa nyuma yake, ukawaambia watoto wachague mchezo mmoja mmoja? Mahali fulani pale pana chupa yako ya chai iliyobaki chini ya meza. Ukiipata utajua kama ni kitu cha kumwendea meneja na kumwambia, au ni kitu kilichokwisha.

Na kuhusu kwamba hakuna aliyeuliza, nina jambo moja, nalo lichukue polepole. Kwa hesabu zako, mkubwa wako sasa ametimiza miaka kumi na mitatu au zaidi. Mtoto wa umri huo anazijua hesabu za nyumbani. Alikuona ukihesabu noti ukiwa umewageuzia mgongo. Mimi dirishani niliwaona wengi wa umri wake wakisema "mimi sitaki kupanda, nimechoka" wakati macho yao yako kwenye gurudumu kubwa. Inawezekana hakuuliza kwa sababu anakuhurumia, wala si kwa sababu amesahau. Muulize mkiwa wawili, na usimpe jibu mdomoni.

Tarehe 26 mliianzisha ninyi wenyewe, na bustani haiwezi kuwanyang'anya. Desemba hii wafungie mkate na mayai muende Uhuru Park. Ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati na ikafunguliwa tena, na pa kuketi kwenye nyasi papo. Mkitamani treni, nendeni kwenye treni mwezi mwingine, siku isiyo na msongamano.

*Shangazi, mimi naendesha gurudumu kubwa kwenye bustani ya michezo. Juzi meneja alituita sote akauliza mbona wateja wa zamani hawaonekani siku hizi. Kila mtu alikaa kimya, hata mimi. Ametuita tena Ijumaa. Nimwambie nini?*
*Mwendeshaji, Kawangware*

Mwanangu, usianze na bei. La bei ana jibu lake tayari: stima imepanda, vipuri vinaagizwa kutoka nje, na kwa kweli hadanganyi.

Leo jioni chukua daftari uandike familia kumi ulizokuwa ukizipandisha na ambazo hujaziona mwaka huu. Kama hujui jina, andika "baba mwenye kofia ya kijani na mapacha". Mbele ya kila familia andika kitu walichokuwa wakifanya kila wakija, kisha uandike kama kitu hicho bado kinawezekana. Huenda mmoja alikuwa anapiga picha na watoto chini ya gurudumu, na sasa pale pamewekwa mpiga picha wa kulipiwa. Mwingine alikuwa anamsimamisha mama yake mzee getini atazame tu, na sasa hata mtazamaji anatozwa kiingilio. Wewe uko juu ya jukwaa lako, unaona bustani nzima. Meneja anaona karatasi zinazoletwa ofisini.

Ijumaa mpe daftari mkononi, mkiwa wawili ikiwezekana, asije akaona unamwaibisha mbele ya wenzako.

Kule kwetu, mwaka mmoja baada ya kile kibao, lile benchi la chini ya mjakaranda liling'olewa pakawekwa kibanda cha aiskrimu. Nilikuwa nazijua zile tiketi kumi na mbili. Nilimjua nyanya, nilijua anaketi wapi na kwa nini hakurudi, na sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza na mimi nilijiona ni mkata tiketi tu. Wewe umeulizwa. Niandikie alivyokujibu.